Mguu Uliozoea Barabara za Ulaya

Kwa miezi mingi niliamini, bila mzaha hata kidogo, kwamba mguu wa bandia uliotoka Ulaya humvuta mtu upande wa kulia, kwa sababu kule Ulaya magari hupita kulia.

Usicheke kwanza. Aliyeniambia hakuwa mpiga porojo wa kona. Alikuwa dereva, mteja wangu tangu enzi zile nywele zake zilipokuwa bado zinafika kwenye paji la uso, na alikuwa ameendesha malori Uarabuni, kunakopitwa kulia, kabla ya kurudi kwetu kunakopitwa kushoto. Kama kuna mtu Kenya nzima mwenye haki ya kuzungumzia kulia na kushoto, ni yule. Alikuja kunitembelea Kinoo nilipotoka hospitalini, akaketi kwenye kochi letu na mfuko wa machungwa magotini, akautazama kwa muda mrefu mguu mmoja wa suruali yangu uliokuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini.

“Watakupatia ingine,” akasema. “Lakini uliza imetoka wapi. Ikitoka Ulaya itakuvuta kulia, hiyo nakuambia mapema. Ni kama gari. Gari ya kule usukani iko upande ile ingine. Ukiileta hapa, inakusumbua mpaka izoee.”

Nikamuuliza ningefanya nini.

“Uliza ya Japani. Wajapani wanapita kushoto kama sisi. Unafikiri ni kwa nini gari zetu zote zinatoka huko?”

Hoja ilikuwa imenifunga kama pingu. Lazima ujue kwamba mimi si mtu wa kuamini ovyo, nimesoma. Kidato cha nne nilikimaliza katika shule ya jioni, ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja katikati ya jiji, nikiwa na ndevu na watoto, nikipanda ngazi ambazo naapa zilikuwa zikiongezeka kila muhula. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa fizikia. Mwalimu alitufundisha kwamba kitu kilicho katika mwendo hupenda kuendelea na mwendo wake mpaka kizuiwe. Basi mguu uliozoea kwenda kulia utaendelea kwenda kulia. Dereva alileta uzoefu, mimi nikaleta sayansi, na tukakubaliana kabisa, tukamenya machungwa.

Mguu wangu wa kulia ulikatwa wote. Si gotini wala pajani: wote, hadi kwenye kiungo cha nyonga. Uvimbe ulikuwa umeingia kwenye mfupa wa paja kama mpangaji asiyetaka kuhama, na madaktari wakaniambia ni mguu au ni mimi. Nikachagua mimi. Sijawahi kujutia uchaguzi huo, ingawa siku za kwanza nilikuwa nikiamka na kutaka kujikuna kidole ambacho hakipo, na nilivutiwa sana na jambo hilo. Niliwauliza wauguzi wote: muwasho huu unaishi wapi? Mmoja aliniambia unaishi kichwani. Basi nikajikuna kichwa. Haikusaidia, lakini ilinibidi nijaribu.

Kwa magongo nilikuwa bingwa. Ndani ya muda mfupi nilikuwa nikiruka uchochoro wa ploti yetu kwa kasi ambayo ingemtia wivu swara. Watu waliniuliza nilitaka mguu wa bandia wa nini, na hata hospitalini walinieleza waziwazi kwamba wengi waliokatwa juu kiasi kile huujaribu, huchoka nao, na kurudi kwenye magongo. Ni mzito, una joto, na unamchosha mtu kuliko kupanda mlima. Lakini mimi ni kinyozi. Magongo hukupa mwendo na kukunyang'anya mikono. Nimewahi kujaribu kunyoa mtu nikiwa nimebana gongo kwapani. Mteja alikuwa shemeji yangu, na nywele zake zilipomalizika zilifanana na ramani ya nchi yenye migogoro ya mipaka. Alivaa kofia hadi kanisani.

Kinyozi husimama, na husimama akizunguka. Huo ndio ufundi wenyewe. Mteja haendi popote, wewe ndiwe unayemzunguka: unaanzia nyuma, unakuja hadi sikio la kulia, unarudi nyuma ulikotoka, unakwenda hadi sikio la kushoto. Unakwenda na kurudi. Huzungukii upande mmoja tu, kwa sababu mashine ina waya ulioingia ukutani, na ukizunguka upande mmoja tu utamfunga mteja kama mbuzi. Zipo mashine za betri, najua, lakini za kwetu zilikuwa na tabia ya kukata roho katikati ya kichwa.

Mwenye duka letu pale Dagoretti Corner alikuwa mama mmoja aliyeachiwa na marehemu mumewe, akaliendesha vizuri kuliko marehemu. Yeye mwenyewe hunyolewa nywele fupi kabisa, na kwa miaka yote hiyo kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu. Nilipougua, kiti changu alikiacha kitupu, akakiwekea magazeti ya wateja wanaosubiri. Lakini mama yule si mtu wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuja Kinoo, akaomba na sisi, akanywa chai, kisha akaniambia wazi mbele ya mke wangu.

“Kijana yangu, mimi nitangoja mpaka karibu shule zifunguliwe. Hiyo wiki watoto wanajaa mpaka nje, unajua. Ukiwa unaweza kusimama na ufanye kazi, kiti ni chako. Usipoweza, nitaweka mtu, na hatutakosana.”

Nilimwambia ni sawa, na ilikuwa sawa. Sikumlaumu hata kidogo. Lakini baada ya yeye kuondoka, mke wangu alivikusanya vikombe, changu kikiwa bado na chai, nami nikajua kwamba tangu siku ile mazoezi yangu hayakuwa mchezo tena. Nilikuwa na muda wa hadi shule zifunguliwe kujifunza kuzunguka kiti.

Mguu wenyewe ulitengenezewa Parklands, kwenye kliniki iliyo nyuma ya barabara yenye miti mikubwa na magari ya watu binafsi. Kwanza walinivisha soksi kubwa kiunoni, wakanizungushia plasta yenye maji ya uvuguvugu, wakanishika pande zote mpaka ikakauka. Kutokana na umbo hilo wangenitengenezea kikapu cha plastiki cha kukumbatia kiuno kizima, maana mtu wa aina yangu hana kigutu cha kuchomekea mguu. Anauvaa kama suruali fupi ngumu. Wiki iliyofuata niliona plasta yangu imesimamishwa juu ya meza ya fundi. Mimi ambaye maisha yangu yote huwashikia watu kioo ili waone visogo vyao, kwa mara ya kwanza nilijiona kwa nyuma. Nilisimama pale kwa magongo yangu nikishangaa. Nikamuuliza fundi kama ni kweli nina makalio ya kiwango kile. Akasema plasta haina ukabila wala upendeleo.

Chini ya kikapu kilifungwa kiungo cha nyonga, chini yake bomba, goti, bomba jingine, na wayo. Niliangalia sanduku kilimotoka kiungo kile. Lilikuwa na maandishi ya Kizungu ambayo si Kiingereza. Ulaya!

Nilimwendea daktari wa mazoezi, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini na msimamo wa chuma, nikamuuliza kwa adabu kama hawana wa Japani.

“Wa Japani? Kwa nini?”

Nikasema nimesikia ni imara. Kwa kweli niliona aibu kumweleza mambo ya barabara. Nilihofu kwamba angeniona mshamba, au, vibaya zaidi, kwamba angethibitisha. Akaniambia imara ni mtu, nikaze mikanda tuanze.

Nikaanza. Nani aliwahi kuniambia kwamba kutembea ni kazi ya miguu? Kwa mguu ule nilijifunza kwamba kutembea ni kazi ya kiuno. Hakuna msuli wa paja wa kuurusha mbele, kwa hivyo unasimama kati ya vyuma viwili sambamba, unakivuta kiuno nyuma na chini kama mtu anayeficha mkia, na bomba lote linabembea mbele lenyewe. Kisigino kinagusa chini. Hapo unausukuma mguu nyuma ndani ya kikapu ili goti lisimame, unaamini, unahamishia uzito wako, na ule mguu wako wa kuzaliwa unapita. Sehemu ngumu ni pale kwenye kuamini. Mara ya kwanza niliposimama juu ya goti lile bila kushika kitu, nilihisi kama nimesimama juu ya uvumi.

Jasho lilinitoka nikafikiri nitapungua hadi nirudi umri wa kubatizwa. Kikapu kilinibana, mbavu zikalalamika, mguu wa kushoto ukaniuliza kama huu ndio mpango wa maisha yote. Lakini nilisonga. Nilifika mwisho wa vyuma, nikageuka, nikarudi. Na kila niliporudi, bega langu la kulia lilikuwa limegusa chuma cha kulia.

Nikasema moyoni: dereva, wewe ni nabii.

Tulipotoka kwenye vyuma na kuingia ukumbini kwa mkongojo, ndipo mambo yakawa wazi kama mchana. Daktari alinipangia mstari wa rangi sakafuni, nami kila mara nilianza kwenye mstari na kumalizia ukutani. Ukuta wa kulia. Yeye alirudia neno moja tu, kwa sauti ile ya chini: kichwa juu, kichwa juu. Nilidhani ananitia moyo. Kwetu kanisani watu huambiwa hivyohivyo wakati wa shida, wainue vichwa, kwa hivyo mara kwa mara nilimjibu amina. Alinitazama kidogo, akaendelea kuandamana nami, mkono wake ukiwa nyuma ya mkanda wangu.

Jambo hili lilinikamata kuliko uchovu. Nilikuwa na swali mwilini mwangu, swali lenye goti, na nilitaka kulijua mpaka ndani. Kila Jumatatu nilipotoka kliniki nilipita kwenye jengo la maduka lililo karibu, ambako Wazungu hununua mboga, nikaketi kwenye benchi na soda, nikawatazama wanavyopishana. Nilitarajia wapite kulia kama treni. Mmoja alipita kulia nikafurahi. Wa pili akapita kushoto, lakini nikahukumu kwamba huyo ameishi Kenya muda mrefu. Wa tatu alisimama katikati akaangalia simu mpaka nikamaliza soda. Siku nyingine nilikwenda katikati ya jiji, nikasimama kwenye kona yenye watu wengi kuliko mchanga, nikachunguza Wakenya nao hupitia wapi. Nilirudi nyumbani na matokeo ya kisayansi: Mkenya hupita palipo na nafasi, na pasipo na nafasi hupita hapohapo.

Nyumbani nilianza kuufundisha mguu. Nilipouvua nililaza vidole vyake vikielekea kushoto, ili upumzike ukitazama upande wa kwetu. Niliposimama mlangoni niliuacha utazame magari ya Waiyaki Way, ujionee mwenyewe yanapita wapi. Niliutembeza kwenye uchochoro wetu kando ya ukuta wa kushoto, na kabla sijafika kwenye bomba la maji nilikuwa nimevuka uchochoro mzima na kuingia kwenye beseni la nguo za jirani. Jirani alikuwa mstaarabu. Alisema tu kwamba akitaka nguo zikanyagwe atanitumia ujumbe.

Mke wangu alikuwa akitazama haya yote kutoka dirishani.

“Baba watoto,” akaniuliza, “huo mguu umeolewa kwa ukuta?”

Nikamjibu kwamba ni mambo ya fizikia. Akasema fizikia ioshe hilo beseni basi.

Halafu likanijia wazo ambalo hadi leo naliona la kipekee, ingawa lilikaribia kuniua. Niliwaza hivi: kinachogusa barabara si mguu, ni kiatu. Na kiatu gani kinajua barabara za Kenya kuliko akala? Akala hukatwa kutoka tairi la gari lililochakaa. Tairi hilo limekwenda upande wa kushoto maisha yake yote, Nairobi hadi Busia na kurudi, haliijui kulia hata kwa ndoto. Ukiuvisha mguu wa Ulaya akala ya Kenya, nguvu mbili zitapingana, na mtu atakwenda sawasawa katikati. Nikaagiza jozi, na kwa uaminifu wa kitaalamu nikamsisitizia muuzaji lisiwe tairi la gari lililoingizwa kutoka nje likiwa limetumika. Alisema hajawahi kuulizwa hivyo tangu azaliwe.

Nilikwenda kliniki nimezivaa. Nilisimama, nikavuta kiuno, mguu ukabembea, kisigino kikagusa, na badala ya kwenda mbele mwili wangu wote ukaanza kurudi nyuma polepole, kwa heshima, kama mtu anayemwachia mgeni nafasi. Daktari alinidaka kwa mkanda. Akanikalisha. Akaziangalia akala, akaniangalia mimi.

Akanieleza kwamba mguu ule ulipimwa na kunyooshwa kwa kiatu chenye kisigino kidogo. Ukiushusha kisigino, bomba lote linalala nyuma na mtu analala nalo. Nilimwambia nimeelewa. Akaniuliza kwa upole ni kitu gani hasa nilichokuwa nikitafuta. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema, na maneno yalifika hadi kwenye meno, nikayameza. Nikasema nilitaka kitu cha nyumbani.

“Nyumbani utafika,” akasema. “Vaa viatu vyako. Na kichwa juu.”

Wiki zikapungua. Nilikuwa nimeweza kusimama bila mkongojo, nikajifunza kukaa na kuinuka, nikajua kuegemeza nyonga kwenye ukingo wa meza kila nikichoka. Daktari, alipojua shida yangu ni kiti, alikiweka kiti kimoja katikati ya ukumbi, juu yake ndoo iliyopinduliwa iwe kichwa. Nilipokizunguka kiti kikiwa upande wangu wa kulia nilikuwa mfalme. Mguu ulinivuta kukikaribia, nikakifuata kama ng'ombe anavyofuata zizi. Niligeuka ili kiwe upande wangu wa kushoto, na kila hatua ilinitenga nacho zaidi, mpaka mkono wangu ukawa unanyoa hewa. Ndoo ile ilipata upara upande mmoja tu. Daktari alisema tutaendelea kulifanyia kazi. Lakini shule hazikuwa zikingoja mtu alifanyie kazi.

Mama mwenye duka alinipigia simu. Kuna kijana amekuja kuulizia nafasi, akasema, ana mkono mzuri. Akaniomba nije Alhamisi asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia, nimnyoe yeye mwenyewe, ndipo aamue. Sauti yake haikuwa na ukali. Ndiyo maana niliogopa.

Alhamisi nilifika na mke wangu, nikavaa koti langu la kazi, ambalo lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari wake. Mke wangu aliketi kwenye benchi la wanaosubiri na mkoba magotini kama aliyekuja kusikiliza hukumu. Mama alikwisha kukalia kiti changu, magazeti yameondolewa. Nikamfunga kitambaa shingoni, nikapulizia mashine, nikaiwasha. Mlio ule nilikuwa nimeukosa kuliko nyama.

Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikwenda vizuri. Kiti kilikuwa kuliani kwangu, mguu ukajileta wenyewe, mkono ukakumbuka kila kitu. Nilipofika mbele yake nikatakiwa kurudi nilikotoka, kiti kikiwa kushotoni. Nikavuta kiuno, nikapiga hatua, nikajikuta mbali. Nikapiga ya pili, nikawa karibu na mlango. Basi nikafanya ujanja: nikaendelea kuzunguka upande uleule wangu mzuri, kutoka mbele yake, nikapita sikio la kulia nikinyoa, nikafika nyuma, nikaanza tena. Kazi ilikuwa safi. Nilikuwa nimeanza hata kupiga mluzi, mpaka mama akasema kwa utulivu kwamba anashindwa kupumua vizuri.

Waya ulikuwa umemzunguka shingoni.

Nilizima mashine. Mke wangu alikuwa ameangalia pembeni, kwenye picha za mitindo ya nywele ukutani, kana kwamba anachagua mmoja. Nikasimama pale nikiwa nimeshika mashine, nikijua kwamba njia ya kuufungua waya ule ni moja tu, ile niliyoshindwa. Mama hakujishughulisha na waya. Alikuwa akinitazama kupitia kioo kikubwa kilicho mbele ya kiti, alivyokuwa akinitazama tangu tulipoanza.

“Rudi na hiyo njia ingine,” akasema. “Pole pole. Na uniangalie kichwa, kijana yangu. Usiangalie chini. Mimi nataka hii laini ya mbele itoke vizuri.”

Nilidhani anahofia laini yake. Ni mama anayejipenda, na mkeo akiangalia picha za ukutani unafanya unachoambiwa. Nikakaza macho kwenye kichwa kile ninachokijua kuliko cha kwangu: kovu dogo juu ya sikio, ile mvi inayoanzia nyuma. Nikavuta kiuno. Hatua. Kichwa kilikuwa palepale, karibu. Nikavuta tena. Waya ukalegea, ukamtoka shingoni, ukaanguka begani, nami nikapita nyuma yake nikiwa nimefika mahali mkono wangu unapopataka. Nikaenda hadi mwisho, nikarudi. Nikaenda tena kwa sababu tu ilikuwa tamu.

Nilipomaliza nikamshikia kioo kidogo aone kisogo. Akageuza kichwa huku na huku, akajipapasa shingoni.

“Jumamosi ukuje mapema,” akasema. “Watoto watakuwa wengi.”

Mke wangu aliinuka akaenda nje, nikamsikia akipenga kamasi kando ya mlango.

Mimi furaha ilinipanda kichwani kuliko pombe. Nikamwambia mama kwamba hatimaye mguu umekubali, umekuwa Mkenya, kilichobaki ni kuuchukulia kitambulisho. Akaniuliza nina maana gani. Basi, kwa kuwa kiti kilikuwa tayari changu, nikamwambia yote: dereva na malori yake, sanduku lenye maandishi, Wazungu wa jengo la maduka, akala, na jinsi mguu kwa miezi yote ulivyokuwa ukifuata barabara za kwao, mpaka asubuhi ile ulipokata tamaa. Mama alisikiliza mpaka mwisho akijipangusa vinywele kwenye kola, bila kucheka. Kisha akasimama, akaning'iniza kitambaa, akanijibu.

“Huo mguu hauna kwao. Ulikuwa unaenda kulia kwa sababu wewe ulikuwa unauangalia, na wenyewe uko kulia. Mtu huenda kwenye anaangalia.”